Familia ya watu sita, watoto waone wanyama bila kumaliza mshahara

Mwuliza: Wakuu, tupo Mbagala. Wakubwa wawili, watoto wanne: miaka 3, 6, 11 na 16. Bustani ya wanyama Kigamboni au hifadhi ya Mikumi?

Jibu 1: Kigamboni, kwa siku moja. Mkipita kivukoni Magogoni mnalipa nauli ndogo kwa kichwa, halafu daladala. Bajaji ya kukodi kwenda na kurudi ndiyo inayokula hela. Pigeni simu kwanza mjue bei ya wikiendi. Maji na wali bebeni, ila ulizeni kama vinaruhusiwa ndani.

Jibu 2: Mikumi usiikatie tamaa. Hifadhi za taifa chini ya miaka 5 ni bure, 5 hadi 15 bei ya mtoto. Huyo wa 16 ni mtu mzima, hapo ndipo wengi wanaumbuka getini. Raia analipa kwa shilingi, kwa hiyo kitambulisho cha NIDA kisibaki nyumbani. Kasheshe ni gari: ndani hamtembei kwa miguu, na gari lina ada yake. Gawaneni Noah na familia nyingine.

Jibu 3: Bila kiingilio kabisa, nauli tu? Basi la Iringa mchana. Barabara kuu inakatiza Mikumi kama kilomita 50. Twiga, pundamilia na nyani mnawaona dirishani. Kaeni dirishani pande zote mbili, na lisiwe basi la usiku.

Mwuliza: Wa 16 ndiye mrefu kuliko wote, hata kumficha haiwezekani 😂