Bega linauma nikiogelea, nifanye mazoezi gani? Niko Tanga

Muogeleaji wa Raskazone:
Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa haraka kwa anayejua mambo ya mazoezi tiba. Naogelea Raskazone kila siku alfajiri maji yakiwa yamejaa, ule mtindo wa kupokezana mikono. Tangu kaskazi ianze, bega la kulia linauma kwa mbele, na nikiinua mkono juu ya kichwa ndiyo balaa. Usiku siwezi kulilalia. Mwisho wa mwezi tunavuka kundi zima kwenda kisiwa cha Toten, na mashua ya kutusindikiza tumeshailipia. Nipeni mazoezi ya kulikaza bega. Msiniambie niache maji.

Mama Ngamiani:
Pole mwanangu. Jikande na mafuta ya nazi ya uvuguvugu yenye karafuu, ufunge khanga usiku. Maji ya alfajiri hayo ndiyo yanayokuingia mifupani.

Nahodha wa Deep Sea:
Bega nalijua, nimevuta nyavu tangu sijaota ndevu. Siku ya kuvuta haliumi. Linakusubiri upumzike. Kuna msimu nilikuwa navalishwa shati na mke wangu, mkono haupandi hata usawa wa kidevu. Kilichonisaidia ni kupunguza: wenzangu wakavuta, mimi nikashika usukani. Vijana wa sasa ukiwaambia "punguza" wanaona umewatukana.

Fizio Moshi:
Ndugu, nimesomea kazi hii KCMC. Kabla ya mazoezi nijibu: uliangukia bega? Limewahi kuteguka? Mkono unakufa ganzi? Umetumia dawa gani?

Muogeleaji wa Raskazone:
Sijaanguka, halijateguka, ganzi hakuna. Dawa ni za kawaida tu.

Kijana wa Chumbageni:
Tanga ni waja leo waondoka leo, wewe unataka uumwe leo upone leo 😂

Fizio Moshi:
Za kawaida zipi?

Muogeleaji wa Raskazone:
Haya. Kuna mtu wa duka la dawa alinichoma sindano palepale kwenye kiungo. Maumivu yakakata kabisa, nikaongeza umbali maradufu kufidia siku nilizokosa, nikavaa na vile vibao vya mikononi. Sasa yamerudi. Anasema anichome nyingine tukikaribia kuvuka, na nusu ya pesa nimeshampa. Jina la dawa hakunitajia. Lakini ilinisaidia, hilo hamtanibishia.

Mama Ngamiani:
Sindano ya dukani, kwenye kiungo! Mwanangu, una wazazi wewe?

Fizio Moshi:
Sikubishii kwamba maumivu yalikata. Yalikata ndiyo maana ukaongeza umbali juu ya kano (ile kamba inayoshika msuli kwenye mfupa) ambayo tayari imechoka. Kama ilikuwa dawa ya jamii ya stiroidi, hutuliza uvimbe kwa wiki kadhaa, lakini inaweza pia kuidhoofisha kano, na baada yake bega hupumzishwa kazi nzito. Na kiungo kikichomwa mahali pasipo safi, usaha unaweza kuingia ndani. Ukiona joto, wekundu au homa, usisubiri asubuhi.

Elewa bega lilivyo. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa kuliko kikombe kinachokibeba, kwa hiyo kinashikiliwa zaidi na misuli kuliko mifupa. Misuli minne midogo hukiweka katikati, na kombe la bega mgongoni ndilo linaloibeba kazi yote. Muogeleaji hujijenga sana kifuani, nyuma anakusahau; misuli hiyo ikichoka, kichwa kinapanda juu na kano inabanwa kila unapopeleka mkono mbele.

Unachoweza kuanza nacho: chukua tyubu ya baiskeli, ikate iwe ukanda, uifunge kwenye nondo ya dirisha. Kunja khanga ndogo uibane kati ya kiwiko na mbavu, kiwiko kikunjwe pembe mraba, kisha vuta ukanda kuelekea nje taratibu na urudi taratibu zaidi. Mara 10 hadi 15, awamu tatu. Halafu vuta kwa mikono miwili kama unayepiga makasia, makombe yakutane mgongoni. Maumivu kidogo yanayotulia kesho yake si neno, yakizidi, punguza.

Majini weka vibao kando. Kiganja kisiingie kidole gumba kikitangulia, wala kisivuke mbele ya uso. Zungusha kiwiliwili, upumue pande zote mbili. Ukitaka kupiga miguu tu, usishike ubao mbele mikono ikiwa imenyooka, bega linabaki palepale panapobanwa.

Nahodha wa Deep Sea:
Fizio, unajichosha bure. Huyu katunga. Kila siku alfajiri maji yamejaa? Maji huchelewa kama dakika 50 kila siku. Yakijaa alfajiri leo, baada ya wiki saa ile ile yamekupwa. Mtu wa Raskazone hawezi kusema hivyo.

Kijana wa Chumbageni:
Umemkamata, nahodha. Uzi wa kutungwa huu.

Muogeleaji wa Raskazone:
Sijatunga kitu. Niliandika kwa kifupi. Saa yangu ni alfajiri kwa sababu ya kazi. Yakijaa naogelea karibu na ngazi, yakipwa natoka mpaka kwenye kina.

Nahodha wa Deep Sea:
Na nani?

Muogeleaji wa Raskazone:
Wenzangu huja Jumapili. Siku nyingine niko peke yangu.

Nahodha wa Deep Sea:
Basi nakuamini, na sasa ndiyo naogopa. Mkono mmoja haupandi, giza halijatoka, uko kwenye kina peke yako. Bamvua, yale maji makubwa, likianza kutoa maji, mkondo ule haukuulizi bega gani linauma. Mdogo wangu, hata mimi siingii hivyo.

Fizio Moshi:
Nenda Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa, umuulizie mtaalamu wa mazoezi tiba. Umweleze sindano bila kuficha. Bega la namna hii huchukua wiki sita hadi kumi na mbili kurudi vizuri.

Muogeleaji wa Raskazone:
Wiki kumi na mbili, kaskazi imekwisha. Bombo nitakwenda Jumatatu, na peke yangu siingii tena. Toten sijaifuta, nitaangalia bega litakavyokuwa.

Nahodha wa Deep Sea:
Mashua inahitaji mtu wa kukaa mbele na kuwahesabu walio majini. Nafasi hiyo haihitaji bega.