Nimemaliza Flagyl, mbona bado naambiwa nina amiba?

Mleta mada: Wakuu habari zenu. Mwezi uliopita tumbo lilinikata vibaya, choo kina utelezi na damu, nikapima wakakuta amiba nikapewa Flagyl. Nikameza yote pamoja na ile ladha ya chuma mdomoni na nikapona kabisa. Juzi nimerudi kupima kujihakikishia tu wameandika "sisti za amiba zimeonekana". Siumwi popote, choo kigumu. Dawa ilikuwa feki au?

Mzee wa Darubini: Siyo feki mkuu. Amiba ana hali mbili, yule anayetembea ndo anakula utumbo na Flagyl inammaliza. Mwingine kajikunja duara kajivika ganda kalala, hiyo ndo sisti, na Flagyl yenyewe inanyonywa karibu yote kabla haijafika utumbo mpana alikolala. Ukidondosha iodini unaviona viini 4 ndani, ukihesabu 8 huyo ni Entamoeba coli, hana neno. Halafu cha ajabu, ukiharisha anatoka yule anayetembea na huku nje hachukui muda anakufa. Choo kigumu ndo kinatoa sisti, kwahiyo saivi ulivyo mzima unaambukiza kuliko ulipokuwa hoi.

mama_chapati: Mungu wangu, na mimi maji naweka vidonge vya klorini najua nimemaliza kazi??

Mzee wa Darubini: Klorini ya kipimo cha nyumbani inamuweza wa kipindupindu, hili ganda linaivumilia. Chemsha mpaka yatokote kabisa. Na kachumbari usiisuuze na maji ya bomba halafu ukajisifu unakunywa ya kuchemsha 😂

Kijana wa Maabara: Naongezea, kuna pacha wake anaitwa dispar, sisti zao kwa darubini ni kitu kilekile na huyo hana madhara, wengi wanabugia dawa bure kwa ajili yake. Anajulikana kwa kipimo cha antijeni. Ila wewe ulishatoa damu, mi nisingebahatisha, muone daktari muulize kuhusu diloxanide, dawa ya kumaliza sisti, inamezwa siku 10 na inafanya kazi humohumo utumboni.

Mleta mada: Asanteni sana. Nimepita maduka matatu ya dawa, mawili wamenisukumia Flagyl tena, la tatu wanasema nije Alhamisi. Wife kasoma huu uzi, tangu jana kachumbari anakata mwenyewe, mi kisu sigusi.