Amenikanyagia mpira wa gofu kwenye tope, halafu akanisomea kanuni mguu ukiwa BADO juu yake

Tope Jekundu (mleta uzi)

Wakuu, naandika haya nikiwa ndani ya gari, soksi zimelowa chapachapa, sijala, na baa sirudi maana nikirudi nitamrushia mtu sahani. Mnamjua. Jina sitaji na sina haja ya kutaja. Yule wa kamati, wa mwamvuli. Ule mwamvuli ambao akiufungua pale tii ya kwanza, pa kuanzia mchezo, harusi nzima inaenea chini yake pamoja na MC na keki.

Leo ndiyo ilikuwa ufunguzi wa msimu wetu. Kila mwaka tunasema tufungue Februari kabla ya masika, kila mwaka kamati inazubaa mpaka Aprili mvua imeshapiga kambi. Sawa, tumekuja. Mvua imeanza hata kabla ya mpira wa kwanza na haikupumzika. Udongo wetu mnaujua, ukishalowa unakuvua kiatu. Tulipofika shimo la 9 kedi wangu, mbeba begi, alikuwa anafuta mishiko ya fimbo kwa fulana yake ya ndani, taulo zote zimekwisha. Sikulalamika! Gofu ya mvua naipenda, na leo nilikuwa napiga, wakuu, nilikuwa NAPIGA. Stebofodi, yaani kila shimo lina pointi zake na mwenye nyingi ndiye mshindi, handikapu 18, mikwaju 18 ya nafuu, nafika tii ya 17 nina pointi 34, yamebaki mashimo mawili. Wenye hesabu zao wanajua hapo nilikuwa wapi.

Pigo la kwanza la 17, kwa dreva, likaenda katikati ya feawei, ile njia ya nyasi fupi. Katikati kabisa. Mpira ukadunda mara moja, ukatulia juu ya nyasi, tunauona mimi na kedi toka mbali. Tunatembea. Huyu bwana tuko naye kundi moja, mpira wake ulishapotelea kulia kwenye mibuni. Badala ya kuufuata huko, anakata feawei, mwamvuli umemfunika mpaka kifuani, mbele haoni, nyuma haoni, na lile buti lake la kuchimbia mitaro. Pwaa! Juu ya mpira wangu.

Nikamwambia, mzee, umekanyaga mpira wangu. Akatazama chini. Hakuinua mguu. Narudia kwa faida ya walio nyuma: HAKUINUA MGUU. Akaniuliza, "Una uhakika ni wako?" Nikamwambia ni wangu, una doti mbili nyekundu. Ndipo akanijibu, taratibu, kama mtu anayesoma risala: "Kijana, msamaha wa mpira uliozama, yaani kuuinua bila adhabu, ni kwa mpira uliozama kwa pigo lako mwenyewe. Huu haukuzama kwa pigo lako. Unachezwa ulipo."

Haukuzama kwa pigo langu! Sasa umezamishwa na NANI?! Na mguu bado uko juu yake!

Na "kijana"! Mimi nina mtoto chuo kikuu, mwaka wa pili.

Alipoliondoa lile buti tope lilifyonza kwa mlio ambao watu wa shimo la 14 waligeuka. Pakabaki kisima. Nikapiga, tope likanijaa mdomoni, mpira umesogea hatua mbili. Nikapiga tena, ukaenda majini. Pointi sifuri. Ya 18 nikapata moja nikiwa natetemeka. Jumla 35. Aliyeshinda ana 36. Aliyeshinda simsemi, dada kacheza kihalali. Namsema mtu aliyesimama juu ya mpira wangu akanisomea kanuni.

Nusu Fimbo

Pole mkuu ila nimecheka mpaka wenzangu ofisini wameniuliza kuna nini. Kilichokuuma ni "kijana", pointi ni kisingizio. Weka picha ya kisima.

Tope Jekundu (mleta uzi)

Picha ya nini? Simu ilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni, ndani ya begi, begi chini ya koti. Mtu amekusimamia juu ya mpira wewe unatafuta kamera? Mguu ulikuwa juu ya mpira wakati mdomo unasema "haukuzama kwa pigo lako". Hicho ndicho kitu nataka mkielewe.

Kanuni Mfukoni

Naomba nitoe elimu kidogo. Alichokusomea kipo, kanuni ya 16.3. Msamaha wa mpira uliozama unatolewa kwa sharti kwamba umezama kwenye alama uliyochimba wenyewe ulipotua kwa pigo lako la mwisho. Ukikanyagwa, 16.3 haikuhusu. Hapo hajadanganya.

Ila amekusomea ukurasa mmoja akaufunga ule wa pili. Mpira uliosogezwa na mchezaji mwingine kwenye mchezo wa mikwaju, kila mtu na kadi yake, na stebofodi imo humo, unaangukia 9.6. Hakuna adhabu kwa mtu yeyote, na mpira LAZIMA urudishwe pale ulipokuwa. Na kusogea kwa mujibu wa R&A na USGA, wale wanaotunga kanuni za gofu duniani, si kwenda pembeni tu, hata kushuka chini ni kusogea. Pale pakiwa pameharibika unauweka sehemu ya karibu inayofanana na ile ya mwanzo, ndani ya urefu wa fimbo moja, usiwe karibu zaidi na shimo, 14.2d. Yaani ulitakiwa kupiga ukiwa juu ya nyasi.

Halafu si mlitangaziwa kuinua na kufuta tope kwenye feawei leo? Mvua kama hii kila klabu inatangaza.

Tope Jekundu (mleta uzi)

ASANTE! Wote mmeona 9.6?

Kutangaza alitangaza yeye mwenyewe kwa mdomo wake, saa moja na nusu, pale tii ya kwanza. Unainua, unafuta, unaweka. Nilipomkumbusha pale 17 akasema ile ilikuwa ya mashimo tisa ya kwanza. Anatunga kanuni akiwa amesimama juu ya mpira wangu!

Nusu Fimbo

Sasa kwa nini hukucheza mipira miwili? Mchezaji akiwa na shaka anamaliza shimo kwa mipira miwili, anapeleka suala kwa kamati kabla ya kurudisha kadi. Ipo, 20.1c. Wewe ulikubali ukapiga ukaenda majini, leo unalia huku.

Tope Jekundu (mleta uzi)

Kamati gani? Nani anasoma kanuni za siku? Nani ana ufunguo wa kabati la vikombe? Nani alikuwa anaandika kadi yangu? Yeye, yeye, yeye. Nimpelekee kesi aliyenikanyagia mpira aamue kama amenikanyagia mpira?

Mvuvi wa Jinja

Salamu toka Uganda. Uwanja wa Jinja upo pale ziwani, Nile inapoanzia, na zamani viboko walikuwa wanapanda usiku kula nyasi za feawei. Kanuni ya klabu ile imesifika dunia nzima: mpira ukiingia kwenye unyayo wa kiboko unautoa kwa mkono bila adhabu. Mleta uzi ungecheza kwetu ungeshinda kikombe.

Nusu Fimbo

Kwa lile buti, kiboko angeomba msamaha yeye.

Ngurumo

Nyie mnaongelea mpira mmoja, mimi naongelea roho za watu. Saa tano ile radi ilipopiga upande wa mlimani, nani alisikia king'ora? Mlio mmoja mrefu maana yake acha papo hapo, hata kama fimbo iko hewani. Milio mitatu mifupi angalau unaweza kumaliza shimo. Sisi hatukusikia mrefu wala mfupi. Tulikuwa watu wanne na fimbo za chuma chini ya mti wa mgravilea, mti mrefu kuliko yote uwanja mzima, tunaombeana. Lee Trevino, mtu mkubwa kabisa, alipigwa na radi 1975 kwenye Western Open kule karibu na Chicago, mgongo ukamsumbua miaka. Kanuni ya 5.7 inakuruhusu kuacha mwenyewe ukiona radi, bila ruhusa ya mtu. Tulipoacha tukaambiwa tumechelewesha mchezo! King'ora kiko wapi? Tulikichangia mwaka jana.

Dada wa 36

Mshindi ni mimi, naomba nisihusishwe na tope la mtu. Pole kaka, 9.6 ni haki yako kabisa na ungekuwa kwenye kundi langu ningekutetea. Sasa nisikilizeni na mimi. Zawadi ya mshindi wa jumla ni nini? Fulana ya KIUME, saizi XXL. Nimeivaa mbele ya watu, imenifika magotini, wanaume wanapiga makofi. Kila msimu wanawake tunashinda, kila msimu kabati linatoa fulana za kiume. Na wanawake tunaanzishwa wa mwisho, griini, pale pa kuputi mpira uingie shimoni, zimeshachimbwa na viatu vya misumari vya wenzetu. Kuna mtu wa kamati aliyewahi kuingiza mpira kwenye griini ya 12 saa saba mchana siku ya mvua? Njoo nikuoneshe.

Tope Jekundu (mleta uzi)

Dada hongera, nakuunga mkono la fulana. Lakini turudi kwenye mada. Mguu ulikuwa juu ya mpira.

Begi Begani

Shikamooni wakuu. Mimi ndiye kedi niliyebeba begi la mleta uzi leo. Nathibitisha nimeuona mpira juu ya nyasi, na nimeona buti likishuka. Nilipotaka kusema niliambiwa kedi hana kauli.

Ila kwa kuwa nimepata nafasi, naomba niongee letu. Begi likilowa linaongezeka uzito, na feawei za leo tulikuwa tunazama mpaka kwenye vifundo. Fulana yangu niliifutia fimbo mpaka ikaisha. Malipo ni yale yale ya jua kali, nyongeza ya mvua hakuna, na ukirudi nyumbani bodaboda siku ya mvua wanapandisha nauli mara mbili. Wenzangu wawili wamerudi kwa miguu. Supu ya ufunguzi tuliambiwa ipo ya makedi pia. Hatukuiona.

Dada wa 36

Makedi hawakupewa supu?? Nani alikuwa kwenye sufuria?

Mzee wa Brauni

Wajukuu zangu, mnalalamikia griini kuchimbwa. Sisi tulicheza kwenye brauni. Viwanja vingi vya Afrika Mashariki havikuwa na nyasi za kuputia, ulikuwa mchanga uliochanganywa na mafuta, unausawazisha kwanza kwa ubao ndipo unaputi. Mvua inyeshe isinyeshe, mkono unanuka mafuta mpaka Jumatatu. Na hakuna aliyekanyaga mpira wa mwenzake, maana ukikanyaga unauinua mwenyewe, unaufuta kwa leso yako, unaurudisha na kusema samahani. Hilo la kijana huyu ni kweli ameonewa.

Tope Jekundu (mleta uzi)

Mzee shikamoo. Neno "kijana" toka kwako nalipokea kwa mikono miwili. Toka kwa yule, akiwa na mguu juu ya mpira, hapana.

Nusu Fimbo

Hahaha amerudi tena kwenye mguu.

Ngurumo

King'ora. Bado nasubiri.

Mpishi Hajulikani

Kuhusu supu, mimi ndiye niliyeleta mbuzi, mpishi alikuwa mwingine. Mbuzi wawili wazima. Nilipofika saa nane nimekuta mchuzi na kongoro tatu. Walioingia mapema wamekula kama wametoka jela. Na mtori uliahidiwa, ndizi nilinunua mimi, sijaona mtori hata wa kuonja.

Kanuni Mfukoni

Mtori ulikuwepo. Nilikula bakuli mbili. Ulikosa chumvi.

Dada wa 36

Ulikula mtori wa makedi wewe!

Kanuni Mfukoni

Haukuandikwa jina.

Begi Begani

Wakuu tunaomba raundi ya pili sufuria yetu iwekwe kule kwenye banda letu, na awepo mtu wa kugawa.

Mpishi Hajulikani

Raundi ya pili mimi mbuzi silipi. Kila mtu aje na mchango wake kabla ya kupewa kadi, na anayekusanya asiwe yule yule.

Dada wa 36

Nakusanya mimi. Pesa ya mvua ya makedi inatangulia, pesa ya king'ora inafuata, supu ya mwisho. Na fulana narudisha Jumanne, nataka saizi M ya kike. Nani anaingia wa kwanza?

Ngurumo

Niandike.

Mzee wa Brauni

Niandike mimi na mjukuu wangu. Mtori uwe na maziwa lala, jamani, huu wa maji si mtori.

Mpishi Hajulikani

Mzee maziwa lala kwenye mtori? Huko ni wapi?