Wadukuzi wanaovujisha siri za serikali: tuwapime kwa nia yao au kwa nyaraka zao?

Mkazi wa Ujiji: Ndugu zangu, naomba mawazo yenu juu ya jambo lililotugawa barazani kwetu kwa jioni kadhaa. Mzee mmoja alitukumbusha ripoti ya kampuni ya uchunguzi ya Kroll kuhusu mali zilizodaiwa kufichwa ughaibuni na watu wa karibu wa Rais Moi, ambayo serikali ya Kenya iliikalia hadi WikiLeaks, tovuti inayochapisha nyaraka za siri, ilipoitoa Agosti 2007. Yeye anawaona wavujishaji hao kuwa watetezi wa wananchi. Wengine wanauliza kwa nini ilitoka miezi minne tu kabla ya uchaguzi. Je, tuupimeje waraka ikiwa hatumjui aliyeuvujisha wala anachokitafuta?

Mwalimu, Mwanga: Kaka, shaka hiyo ina msingi. Mwaka 2016, barua pepe za chama cha Democratic cha Marekani zilipovuja, alijitokeza mtu aliyejiita Guccifer 2.0, akidai kuwa ni mdukuzi wa Romania anayefanya kazi peke yake. Julai 2018 Marekani iliwashtaki maofisa 12 wa ujasusi wa jeshi la Urusi, ikidai kwamba walijificha nyuma ya jina hilo, madai ambayo Urusi imeyakanusha. Hata hivyo barua zenyewe zilionyesha jinsi baadhi ya watendaji wa chama walivyoegemea upande mmoja, na mwenyekiti wake akajiuzulu. Nia mbaya haiugeuzi waraka wa kweli kuwa wa uongo, ila inatulazimu kuuliza ni zipi zilizobakizwa kabatini.

Mama wa Kasulu: Mwalimu amesema vyema, lakini mmewasahau waliotajwa ndani ya nyaraka hizo. Nimefanya kazi miaka mingi na wakimbizi huku Kasulu, na ninajua kwamba jina la mtu aliyetoa ushahidi dhidi ya wanamgambo likivuka ziwa, ndugu zake waliobaki ng'ambo hawalali. Septemba 2011 WikiLeaks ilitoa taarifa za kibalozi za Marekani zaidi ya 250,000 bila kuficha majina ya watoa habari, na magazeti yaliyokuwa yakishirikiana nayo, likiwemo Guardian la Uingereza, yakailaani. Ilijitetea kwamba nywila ya faili hilo ilikuwa imekwisha kuchapishwa na mwandishi wa Guardian katika kitabu. Utetezi huo haunitoshi, kwa sababu kosa la mwingine halimpi mtu ruhusa ya kulikamilisha. Mimi nia ya mvujishaji huitafuta hapo, katika namna anavyomtendea mnyonge aliyemo ndani ya faili, kabla sijasikiliza anachojitangaza kuwa.

Mkazi wa Ujiji: Ahsante, mama. Suala la majina hatukuligusa kabisa, nami nitalifikisha barazani kesho. Kuhusu ile ripoti ya Kenya, bado ninataka kujua ni nani aliyenufaika na Agosti ile, lakini sitamlaumu tena mzee wetu kwa kuisoma.