Nimeuziwa kaburi la kioo kwa laki tatu, na hita juu yake

Wakuu, habari za usiku.

Naandika nikiwa nimekaa mbele ya tangi la lita 54 lenye samaki mmoja. Mmoja! Mwezi uliopita niliingiza humo samaki 13, wiki iliyofuata nikaongeza 6. Hao 18 wengine wamelala chini ya mpapai nyuma ya nyumba, kwa sababu binti yangu wa miaka saba aligoma kabisa wasitupwe chooni. Ilifika mahali asubuhi kabla ya gari la shule tunazika kwanza, ndipo anakunywa chai.

Samaki hufa, hilo nalijua, na si lililonikera. Kilichonikera ni kwamba aliyeniuzia alijua watakufa, alijua karibu na siku yenyewe, na akanyamaza ili nirudi kununua wengine.

Duka liko Kariakoo, jina sitaji, msiniulize. Niliingia nikasema ukweli wangu: sijawahi kufuga samaki, nataka tangi dogo la sebuleni, mtoto anapenda. Kijana akanipokea kwa bashasha. "Boss wangu, hii kitu rahisi. Unafika nyumbani, unaosha changarawe, unajaza maji, unachomeka umeme, unamimina samaki. Usiku huu huu mnaangalia hawa badala ya tamthilia." Nikamuuliza maji gani. "Yoyote tu, hata ya bomba." Nikauliza samaki gani wanakaa pamoja. "Hawa wote marafiki."

Basi akanifungia. Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30, 120,000. Filta 35,000. Changarawe na mapambo 25,000, humo mna makombe ya baharini na vipande vya matumbawe. Goldifishi wanne 32,000, gapi sita 18,000, beta madume wawili 30,000, na yule mweusi anayeng'ang'ania kioo, "huyu fundi wa usafi, anakula uchafu wote", 10,000. Chakula 5,000. Na hita 30,000.

Hita, wakuu. Dar es Salaam. Mwezi wa pili. Nilipofika nyumbani kipimajoto kilisoma nyuzi 30 kabla sijachomeka chochote, na mimi kwa utii wa mtu aliyelipa nikaichomeka. Kumuuzia mtu wa Tabata hita ya maji mwezi wa pili ni sawa na kumuuzia mtu wa Makete feni ya dari. Tena kaniuzia pamoja na goldifishi, samaki anayependa maji ya ubaridi, nyuzi 20 hivi, na maji yakizidi joto hewa iliyoyeyuka humo inapungua. Yaani alinipa samaki wa baridi na kifaa cha kumchemshia.

Jumla 305,000. Mama watoto hadi leo anajua ni 150,000, naomba ibaki hivyo.

Siku ya kwanza furaha tupu, majirani walikuja kuangalia. Siku ya pili wale beta "marafiki" walikuwa wameshachanana mapezi, mmoja hoi pembeni, jioni kafa. Sasa hivi najua kwamba madume wawili wa beta hawawekwi tangi moja, wanapigana hadi mmoja aondoke duniani, na hilo si siri ya kitaalamu. Ndiyo maana dukani kwake kila mmoja alikuwa kwenye chupa yake! Niliziona zile chupa kwa macho yangu na sikujiuliza. Hapo najilaumu mwenyewe.

Siku ya tatu goldifishi wote wako juu wanahema midomo nje. Siku ya nne maji yamekuwa meupe kama yametiwa maziwa. Siku ya tano wamekufa watatu kwa mpigo. Nampigia kijana, ananijibu hana hata wasiwasi: "Maji yamechafuka hayo boss. Mwaga yote, osha kila kitu, ile sponji ya filta isugue na sabuni, halafu njoo nikupe dawa." Nikafanya kama nilivyoambiwa. Nikarudi, nikanunua dawa ya matone ya buluu 12,000 na goldifishi wengine sita, 48,000. Nilipoingia tu mlangoni kabla sijasalimia alishashika mfuko wa nailoni mkononi. "Leo nikufungie wangapi?" Alijua!

Usiku wa siku ya tatu baada ya hapo umeme ukakatika saa sita, ukarudi alfajiri. Filta ilikuwa imesimama muda wote huo. Asubuhi tulichimba shimo moja kubwa.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja mstaafu, mtaa wa pili, ana tangi kubwa sebuleni tangu watoto wake wako sekondari. Nilimwendea nimenyong'onyea. Akasikiliza yote, akauliza swali moja tu: maji yalikaa siku ngapi na filta inazunguka kabla hujaweka samaki? Nikamwambia saa mbili. Akatikisa kichwa. "Mwanangu, umewapangisha watu 13 kwenye nyumba isiyo na choo."

Akanieleza taratibu, nami nawaeleza ninyi kwa sababu hakuna muuzaji atakayewaeleza. Samaki anatoa amonia, kwa kinyesi na hata kwa kupumua tu. Chakula kinachobaki kikioza kinaongeza amonia. Amonia inamuunguza mashavu, yale anayopumulia, ndiyo maana anakuja juu kuhema. Kwenye tangi lililokomaa kuna bakteria waliojishika kwenye sponji na changarawe, kundi moja linageuza amonia kuwa nitriti, kundi lingine linageuza nitriti kuwa nitrati. Nitriti nayo ni sumu, inaharibu damu isibebe hewa. Nitrati ina nafuu kubwa, unaipunguza kwa kubadilisha robo ya maji kila wiki. Sasa hao bakteria hawaji na tangi kutoka dukani. Wanachukua wiki nne hadi sita kuongezeka, na kwa muda huo tangi linatakiwa lizunguke bila samaki, unatupia punje chache za chakula zioze ili bakteria wapate cha kula.

Mimi nilipewa saa mbili.

Halafu rudini kwenye ushauri wake mkaone. Kusugua sponji na sabuni: bakteria wachache walioanza kukaa, nikawafuta. Sponji inakamuliwa kwenye ndoo ya maji yaliyotoka humo humo tangini, basi. Maji ya bomba moja kwa moja: yana klorini, imewekwa kuua vijidudu, na kazi hiyo inaifanya vizuri, inaua wa tangini pia na kumuunguza samaki. Yanatakiwa yalale kwenye ndoo wazi siku nzima, au utumie dawa ya kuondoa klorini, ambayo dukani ilikuwepo juu ya shelfu nyuma ya kichwa chake. Ile dawa ya buluu nayo inaweza kuwaumiza bakteria wa filta, kwa hiyo nililipa 12,000 kuzidisha tatizo. Yale makombe na matumbawe ni chokaa, yanayeyuka kidogo kidogo na kupandisha pH, kile kipimo cha uasidi wa maji, na amonia kwenye maji ya moto yenye pH ya juu inakuwa kali maradufu. Ukipanga kwa makusudi kuua samaki wa watu huwezi kupanga vizuri zaidi ya pale.

Na "fundi wa usafi"? Mzee alicheka. Yule akikua anapita sentimita 30. Tangi langu lote ni 60. Tena hali kinyesi cha wenzake, anaongeza cha kwake. Goldifishi vilevile, tunawaona wadogo kama kidole kumbe anaweza kufika urefu wa kiganja na vidole vyake, na ni wachafuzi wakubwa. Hakuna hata mmoja kati yao aliyestahili lita 54.

Kinachoniuma kuliko pesa ni hiki. Kwa mzee ndipo nilipoona samaki wa Kigoma kwa mara ya kwanza wakiwa hai na wanaogelea, mimi Mtanzania wa miaka 38 ninayemjua mgebuka wa kukaanga tu. Ziwa Tanganyika lina samaki wa rangi ambao wafugaji wa Ulaya, Marekani na Japani wanawanunua kwa bei ya kushangaza, wanasafirishwa kwa ndege kwenye mifuko. Wa Ziwa Nyasa wanaokaa kwenye miamba nao wanajulikana dunia nzima kwa jina la mbuna. Kuna hata samaki wadogo wa Tanganyika wasiozidi sentimita 5 wanaoishi ndani ya makombe matupu ya konokono, kila mmoja na nyumba yake. Wanapenda maji magumu yenye pH ya juu. Yaani lile tangi langu na yale makombe niliyobambikiwa, kwao pangekuwa nyumbani! Hata Unguja kuna samaki wa madimbwi, mayai yake yanakaa kwenye tope kavu kiangazi chote yakisubiri mvua, na wafugaji wa Ulaya wanawafuga miaka nenda rudi. Sisi Kariakoo tunauziwa goldifishi na hita.

Wenye maduka mnaosoma hapa, najua mpo. Mteja akiwaambia ni mara yake ya kwanza, muuzieni tangi, filta na dawa ya klorini, mwambieni aende arudi baada ya mwezi. Mnaogopa hatarudi? Mimi sasa hivi sirudi kwenu kabisa, na ofisini nimeshazuia wawili.

NYONGEZA: Wanaosema "lipia uzembe wako, ungegoogle kwanza", sawa, nusu nakubali. Lakini nikienda kwa fundi gari sitakiwi kusomea umakanika usiku wake.

Aliyeuliza meza: ndiyo, nayo imepinda. Lita 54 ni kilo 54 za maji, bado kioo na changarawe, na mimi nilikuwa nimeliweka juu ya kabati la tivii la mbao zile za kubandika. Nimehamishia kwenye tofali na ubao.

Aliyeuliza kuhusu umeme: mzee anatumia pampu ndogo ya hewa ya betri, ikikatika anaiwasha, bakteria nao wanahitaji hewa. Natafuta ya namna hiyo.

Aliyebaki ni gapi jike. Sibadilishi tena maji yote, natoa lita 10 kila siku mbili narudisha yaliyolala ndooni, chakula punje mbili tatu. Hita nimechomoa, ipo inauzwa, 20,000, imetumika siku kumi na moja.

Na kama kuna mdau maeneo ya Tabata hadi Segerea mwenye tangi la zamani lenye afya, naomba unikamulie sponji yako, yale maji machafu ya kahawia yenye bakteria ndiyo ninayoyataka. Mzee amesafiri hadi mwezi ujao. Nitakuja na ndoo yangu mwenyewe.