Uyoga mwingi wa porini: niupike vipi kabla haujaharibika?

Jikoni Kwetu (mleta mada)

Habari zenu wanajamvi. Mvua za mfululizo zimetuletea neema. Jirani yangu, ambaye anaujua uyoga wa porini tangu utotoni, alinichukua msituni na tukarudi na uyoga mwingi kuliko tulivyotarajia. Fungu langu ni karibu kilo 6, na lina aina mbili: ule wa manjano wenye umbo la tarumbeta, ambao wataalamu huuita Cantharellus, na ule mnene wa kofia ya kahawia wenye sponji upande wa chini badala ya matamvua, yaani Boletus. Jirani ameukagua mmoja mmoja.

Jana usiku nilikaanga kiasi kwa mafuta na kitunguu, lakini kikaango kilijaa maji, uyoga ukachemka badala ya kukaangika, na ladha ikawa hafifu. Naomba mnielekeze namna ya kuupika ili utoe ladha yake halisi, mapishi yanayofaa kwa kiasi kikubwa hivi, na jinsi ya kuhifadhi utakaobaki, kwa maana nyumbani tuko watu wanne tu na hatuwezi kuumaliza wote kwa siku chache. Naomba kuwasilisha.

Mpishi wa Zamu

Ndugu mleta mada, hongera kwa mavuno hayo. Kabla ya kufikiria mapishi, fikiria maji kwanza. Takribani asilimia 90 ya uzito wa uyoga mbichi ni maji, na hayo ndiyo yaliyojaza kikaango chako. Maadamu maji yapo, joto ndani ya kikaango halipandi sana zaidi ya nyuzi 100, ilhali ile rangi ya kahawia na harufu nzito tunayoitafuta huhitaji joto la juu zaidi ya hapo. Ndiyo maana mafuta uliyotia mwanzoni hayakukusaidia kitu.

Chukua kikaango kipana, ukiweke kwenye moto wa wastani unaoelekea kuwa mkali, kisha utie uyoga uliokatwa pamoja na chumvi kidogo na vijiko viwili vitatu vya maji, bila mafuta kabisa. Usiurundike, ni afadhali upike kwa mafungu matatu kuliko kujaza kikaango mara moja. Baada ya muda mfupi utaona uyoga unasinyaa na kuelea katika maji yake wenyewe. Uache utokote. Maji yatapungua, mlio wa kutokota utageuka kuwa mlio mkavu wa kuchatachata, na chini ya kikaango utaanza kuonekana utando mwembamba wa rangi ya kahawia. Wakati huo ndio utie siagi au mafuta, ugeuze mpaka kingo za vipande ziwe na rangi ya dhahabu, halafu ndipo kifuate kitunguu, na mwishoni kabisa kitunguu saumu, kwa sababu hicho huungua upesi na kuwa kichungu.

Wala usiogope kuupika muda mrefu. Kuta za seli za uyoga zimejengwa kwa kitini (chitin), dutu ngumu ambayo haivunjwi na joto la jikoni. Nyama ikizidi moto hukakamaa na mboga za majani hugeuka rojo, lakini uyoga hubaki na utafunaji wake. Watu wengi huupika pungufu kwa hofu isiyo na msingi, na uyoga wa porini ulioiva nusu huweza kumsumbua mtu tumbo.

Kwa kilo 6, nakushauri sana utengeneze kiungo cha akiba. Mashina, vipande vilivyovunjika na kofia zisizopendeza uvikatekate viwe vidogo kabisa, uvipike kwa njia hiyohiyo pamoja na kitunguu kilichokatwa vidogo na pilipili manga, mpaka upate mchanganyiko mzito usiotoa maji hata ukiukandamiza kwa kijiko. Wafaransa huuita duxelles. Kilo nzima itashuka na kuwa bakuli dogo, lakini bakuli hilo lina nguvu ya kuunga supu, mchuzi au sosi kwa wiki nyingi zijazo.

Chumvi Kidogo

Namuunga mkono Mpishi wa Zamu kuhusu ule wa manjano, ila kwa Boletus natofautiana naye kidogo. Kuutia wote kikaangoni ni kuupunguzia thamani, kwa sababu huu ni miongoni mwa uyoga ambao kukaushwa huuongezea harufu na ladha. Ningekuwa wewe, ningepika ule mchanga na mgumu ukiwa mbichi, na uliobaki wote ningeukausha.

Usiuloweke majini wakati wa kusafisha. Ufute kwa brashi laini au kitambaa chenye unyevu, kisha uupasue kwa urefu kuanzia kofia mpaka shina. Utaona ndani kama funza wamepita: vijia viwili vitatu unaweza kuvikata na kuvitupa, lakini shina lililotobokatoboka lote halifai. Sponji ya ule uliokomaa, iliyolegea na kuwa ya kijani kibichi, ibandue kwa kidole gumba, maana huwa na utelezi na haikauki vizuri.

Ukate vipande vya unene wa milimita 5 hivi, uvipange kwenye wavu bila kupandana, na uviweke katika oveni yenye joto la nyuzi 50, mlango ukiwa wazi kidogo ili mvuke utoke. Kazi hiyo huchukua saa kadhaa. Kipande kilichokauka sawasawa hukatika kwa mlio unapokivunja. Kikipinda tu, bado kina unyevu na kitaota ukungu ndani ya chupa. Kilo moja mbichi hukupa takribani gramu 100, nazo hukaa miezi mingi katika chupa ya kioo iliyofungwa vizuri na kuwekwa mahali pa giza.

Wakati wa kupika, uloweke katika maji ya uvuguvugu kwa nusu saa, na tafadhali usiyamwage maji hayo. Yachuje kwa kitambaa safi, uache kijiko cha mwisho chenye mchanga, kisha uyatumie kupikia wali au supu. Mara nyingi ladha iliyomo katika maji hayo huzidi ile ya vipande vyenyewe.

Cantharellus usiukaushe kwa matumaini ya kuulowesha tena, kwa sababu hubaki mgumu kama ngozi. Ukilazimika kuukausha, usage uwe unga wa kunyunyizia kwenye chakula.

Msitu Mnene

Wenzangu wamesema vema kuhusu mapishi. Mimi nasisitiza ukaguzi wa pili, mezani kwako, wakati unasafisha, kwa kuwa katika kilo 6 mmoja usiofaa huweza kupita.

Ule wa manjano una mfanano na Omphalotus, ambao husababisha kutapika sana. Cantharellus una mikunjo minene inayoteremka hadi kwenye shina na haibanduki, na ukiupasua, ndani ni mweupe au wa manjano hafifu. Omphalotus una matamvua halisi, membamba na makali, nyama yake ni ya rangi ya chungwa, na huota kwa vichala juu ya mbao au mizizi. Kwa upande wa Boletus, jihadhari na Tylopilus felleus, ambao sponji yake huelekea rangi ya waridi. Huo ni mchungu kiasi kwamba mmoja tu huharibu sufuria nzima.

Mtu asikudanganye kwamba kupika huondoa kila sumu. Sumu ya Amanita phalloides, uyoga unaoweza kuua, haiondoki kwa kuchemshwa, kukaushwa wala kugandishwa, na dalili zake mara nyingi hujitokeza saa 6 au zaidi baada ya kula, wakati ambapo ini limeshaanza kushambuliwa. Uyoga wowote unaoutilia mashaka, utupe. Kama kuna mtu nyumbani ambaye hajawahi kula aina hizi, aanze na kiasi kidogo, cha aina moja, na mbakishe mmoja mbichi katika jokofu ili mtaalamu aweze kuutambua endapo mtu ataugua.

Jambo jingine ni uyoga wa kuhifadhiwa ndani ya mafuta. Unapendeza machoni, lakini mafuta hufungia hewa nje, na bakteria wa Clostridium botulinum, ambao hutengeneza sumu kali inayoweza kuua, hupenda mazingira hayo. Usiuache kamwe nje ya jokofu.

Jikoni Kwetu (mleta mada)

Nawashukuru sana. Nimerudia ukaguzi na nimetupa michache iliyonitia shaka. Boletus tayari iko kwenye oveni. Je, ule wa manjano naweza kuugandisha ukiwa mbichi ili kuokoa muda? Na ni chakula gani kinaufaa zaidi?

Mpishi wa Zamu

Usiugandishe mbichi, ndugu yangu, kwani mara nyingi huwa mchungu ukiyeyuka. Upike kwanza mpaka maji yaishe, utie siagi, uache upoe, kisha uugawe katika mifuko kwa kiasi cha mlo mmoja mmoja na kuibapa iwe membamba, ili siku ya kupika uvunje kipande na kukitia moja kwa moja kikaangoni.

Kuhusu chakula, harufu yake nyororo inayokaribia ya matunda hukaa vizuri ndani ya mafuta, hivyo siagi, krimu na mayai ndivyo vinavyoubeba. Kwa leo pika mayai ya kuvuruga kwa moto mdogo, na uyoga uliokwisha kukaangwa uutie mayai yakiwa bado laini. Kesho fanya sosi ya krimu kwa tambi, ukitia kijiko cha maji ya limau mwishoni ili kukata uzito wake. Viungo vikali uviweke kando, maana vitaifunika harufu yote.