Vituo vya Kiingereza mnatupiga! Eti "get" ni "kupata" tu?

Wakuu, habari za jioni. Mods, naomba uzi huu msiupeleke kwenye vichekesho, maana mimi sicheki.

Mdogo wangu kamaliza kidato cha nne, anasubiri matokeo. Nikasema asizurure mtaani, nikamlipia kozi ya Kiingereza kwenye kituo kimoja, jina nalihifadhi. Ada yote wanachukua mwanzoni, hakuna cha awamu. Juzi nikaomba nione anachofundishwa. Nimekuta kitini cha fotokopi iliyofifia, juu kimeandikwa "MAANA 50 ZA GET, KARIRI ZOTE". Chini yake: "I get hungry, napata njaa." "I got tired, nilipata uchovu." "Get off, pata mbali."

Pata mbali! Nani hapa amewahi kumwambia konda "napata mbali kituo kinachofuata"?

Neno lenyewe halina uchawi. Usiikodolee macho "get", angalia kilichokuja nyuma yake. Kikiwa kitu, sawa, ni kupata, kupokea, kununua au kwenda kuleta: "get a job", "get me some water". Ikiwa ni hali, basi mtu au kitu kinaingia kwenye hali hiyo, na Kiswahili mara nyingi tuna kitenzi kimoja tayari: "get tired" kuchoka, "get angry" kukasirika, "get wet" kulowa. Pakiwa mahali, ni kufika: "we got to Dodoma at night". Ila nyumbani ni "get home", bila "to", na hapo ndipo madogo wengi wanapopigwa chini. Kitini hakigusi kabisa.

Kuna "got beaten" na "got fired". Hiyo ni alipigwa, alifukuzwa kazi, ile -wa yetu ya kila siku. Mtoto aliyesoma kauli ya kutendwa shule ya msingi angeshika palepale. Wao wameandika "alipata kupigwa".

Halafu hii ndiyo iliyonipandisha presha: "I got my phone repaired, nilipata simu yangu iliyotengenezwa." Hapana! Maana yake nilipeleka simu kwa fundi akanitengenezea. Bisibisi sikushika mimi. Vivyo hivyo "get your hair cut", kanyolewe. Huyu dogo anataka kuomba kazi hotelini. Mgeni akimwambia "can you get this shirt washed?" ataelewa nini kwa kitini hiki?

"Get on" na "get in" zote wameandika "panda" tu, wakasonga mbele. Basi, treni, ndege, vyombo ambavyo ukishaingia unatembea ndani, ni "get on" na "get off". Gari dogo na teksi ni "get in" na "get out of". Bodaboda ni "get on", unakaa juu yake. Sentensi chache tu, zimewashinda.

Dogo akaandika "he has gotten fat", kaisikia kwenye muvi. Kakoseshwa kwa wino mwekundu, pembeni: "HAKUNA NENO KAMA HILI". Lipo! Wamarekani wanalitumia kila siku, tena wanatofautisha: "I've got a car" ni ninalo gari, "I've gotten a car" ni nimepata gari. Waingereza nao walikuwa nalo zamani, wengi wakaliacha. Mwalimu angesema "kwenye mtihani wetu andika got", ningemwelewa kabisa. Lakini kumwambia mtoto neno halipo?

Na mwalimu huyohuyo, kwa maelezo ya dogo, kila akimaliza kuandika ubaoni anageuka: "Are you getting me?" Yaani "mnanipata?" Kumbe anajua fika kwamba hata kupata kwetu si lazima kuwe kwa mkononi! Angeanzia hapo darasa zima lingemwelewa.

Nimempigia msimamizi. Jibu: "Kaka, huo ndio mtaala wetu, na ada hairudishwi." Akakata simu.

Dogo nimemtoa. Mwenye kumjua mwalimu anayefundisha kwa sentensi, si kwa orodha, awe hapa Dar, aje PM. Na nyie mtakaokuja na "mnunulie kamusi", kamusi anayo. Kurasa za "get" ndizo zilizomkimbiza akaniomba hiyo kozi.